Mshale Uliokwenda Kando

Walipompitisha Kilian mbele ya nyumba ya Mzee Tarsisi, amelazwa kwenye blanketi lililofungwa juu ya miti miwili, hakuna hata mbebaji mmoja aliyegeuza uso kusalimia. Notburga, mkamwana wa mzee, alikuwa uani anachagua maharage. Aliuona mguu wa Kilian umezongwa khanga ya mkewe, na khanga yenyewe imeloa damu hata maua yake hayaonekani. Akaweka ungo chini.

"Jamani, amepatwa na nini?"

Hawakumjibu. Waliteremka kilima kwa tahadhari, nyayo zao zikiteleza kwenye umande, mpaka wakapotelea nyuma ya mibuni.

Jua lilipopanda kidogo akaja Osmund, kaka yake Kilian. Siku zote Osmund alikuwa akivua kofia akiwa bado mbali, na kabla hajafika mlangoni shikamoo yake imekwisha kuingia ndani. Asubuhi hiyo alikuja na kofia yake kichwani. Alikwenda moja kwa moja hadi kizingitini, alipokuwa amekaa Mzee Tarsisi, akatua podo mbili chini, ya kwake na ya mdogo wake, mishale ikagongana.

"Mishale yako hiyo, Mzee. Nguruwe pori alikuwa karibu, pale kwenye mgomba. Kilian akapiga, mshale ukaenda kando kama umeitwa na mtu. Nguruwe akamrudia, akamchana paja."

Mzee Tarsisi hakuinuka kwenye kigoda. Magotini mwake ilikuwa pembe yake yenye tundu, ile aliyokuwa akipitishia mti wa mshale ili kuukunja upande alioutaka.

"Mshale wangu haujaenda kando tangu wakati wa Mdachi," alisema. "Mkono wake ndio uliotetemeka."

"Haya. Tutayasema Jumapili kwenye sengu."

Osmund akageuka akaondoka. Notburga alibaki amesimama na mkono mdomoni. Kilichomchoma si ile kofia. Ni lile neno "Mzee". Mtu huyu tangu utoto wake alikuwa akimwita baba mkwe wa Notburga "Baba".

Katika vilima vile vya Kitura, wakati huo wa Mwingereza, bunduki ilikuwa kitu cha bwana shauri na askari wake. Wengine walikuwa na upinde, na wenye upinde walikuwa na Mzee Tarsisi. Aliyenyooshewa mishale hakulipa fedha; alikuja na jembe lake kusaidia kuchimba ngolo, yale mashimo ya shambani yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Tangu Isidori, mume wa Notburga, aende Tanga kukata mkonge, mishale ya baba yake ndiyo iliyolima shamba lile. Sengu ilikuwa mahali pa wanaume wa ukoo kula pamoja na kukata mashauri. Ikisemwa huko kwamba mshale ndio wenye kosa, nyumba ya Tarsisi ingemlimia Kilian msimu mzima, na baada ya hapo nani angeleta tena mti wa kunyooshwa? Wangebaki wanawake wawili na mzee mmoja mbele ya mteremko wenye majani marefu kupita vichwa vyao.

Mama mkwe wake, Kunigunda, alipika uji wa ulezi akamtuma aupeleke kwa mgonjwa. Ephrasia, mke wa Kilian, aliupokea bila neno, akauweka nje ya mlango, na Notburga alipofika njiani akatazama nyuma, kuku walikuwa wamekwisha kuuzunguka.

*

Notburga alikuwa mtu wa kuuliza. Kwao walimcheka kwa tabia hiyo. Alipokuwa kwenye mafundisho ya kipaimara sista alimwambia afunge mdomo wake kidogo, Mungu naye apumzike. Jambo hili sasa lilimkaa kichwani kama punje ya mchanga kwenye jicho. Mshale unakwendaje kando? Kama ni mkono, ni mkono. Kama ni mti, mti unasema nini?

Hakwenda mbali kutafuta. Baba mkwe alipotoka kuota jua nyuma ya nyumba, alizichukua zile podo mbili akaingia nazo chumbani kwake. Humo mlikuwa na sanduku la mninga ambalo Isidori alitengenezewa na mafundi wa misheni, na mfuniko wake ulikuwa umepigwa randa ukalala sawasawa. Akatoa mshale mmoja wa Kilian, akaulaza juu ya mfuniko, chuma kikining'inia upande huu na manyoya upande ule, akausukuma kwa kiganja.

Mshale ulibingirika ukipiga kelele: ko, ko, ko. Kila ulipozunguka uliinuka tumbo ukaanguka.

Akachukua wa pili. Ko, ko. Wa tatu vilevile. Basi Osmund alikuwa amesema kweli.

Angeweza kuishia hapo, lakini podo ya Osmund ilikuwa bado imejaa. Akaujaribu mmoja wa humo. Ulikwenda kimya kama maji juu ya jani la mgomba, ukafika ukingoni, ukaanguka mapajani mwake. Mwingine, kimya. Wote wa Osmund walikuwa kimya.

Notburga akakaa sakafuni. Fundi mmoja, kichaka kimoja cha mtoni ndiko miti ilikokatwa, moto mmoja. Mbona ya huyu inabingirika na ya yule inarukaruka? Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Mishale ya Kilian ilikuwa na rangi ya asali, yenye alama hafifu za makaa, nayo ilinuka mafuta ya nyonyo, mafuta ambayo yeye mwenyewe humkamulia baba mkwe. Ya Osmund ilikuwa na alama hizohizo, na juu yake alama nyingine, nyeusi, za moto mkali wa mtu asiye na subira. Akanusa. Mafuta ya nguruwe.

Mtu mwingine alikuwa ameipasha moto tena.

"Notburga," aliita Mzee Tarsisi kutoka nyuma ya ukuta. "Ni kitu gani kinagonga humo ndani?"

"Ni panya, Baba," alijibu, na papo hapo akaona aibu.

*

Kesho yake alikwenda tena kwa Kilian. Safari hii hakubeba uji. Alibeba mishale miwili ndani ya kitenge, mmoja wa Kilian na mmoja wa Osmund.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina," alijibu Ephrasia bila kuinua macho. "Umekuja kuangalia kama amekufa?"

"Nimekuja kumwuliza neno moja, dada. Ukinifukuza nitaondoka."

Ephrasia akasita, kisha akasogea pembeni. Kilian alikuwa amelala kitandani, uso umemsinyaa kwa homa, paja limefungwa bandeji nyeupe ya masista. Notburga akapiga goti mbali kidogo na kitanda, akaitandaza ile mishale sakafuni. Akamweleza habari ya sanduku, na mlio, na mafuta ya nguruwe. Hakumlaumu. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua jinsi chungu kinavyofinyangwa.



"Shemeji, usinitie katika maneno," alisema Kilian.

"Maneno tumekwisha kuyaingia sote."

"Sote tunairudia," Kilian akasema. "Mimi, Osmund, wote. Ni mwaka wa pili huu. Macho ya Baba yamekwisha. Analenga mti kwenye mwanga anasema umenyooka, na wewe unaona umepinda kama mkia wa mbwa. Utamwambiaje? Huyu ndiye aliyemfundisha marehemu baba yangu kushika upinde. Basi unapokea, unashukuru, unalima siku yako shambani kwake, ukifika kwako unawasha moto unainyoosha mwenyewe."

"Na hii yako?"

Ephrasia ndiye aliyejibu, na kwa mara ya kwanza alimtazama Notburga usoni. "Hii yake hakuinyoosha. Nilimwambia. Akasema atafanya baada ya palizi. Nguruwe hawakungoja palizi."

"Kwa hiyo unajua si kosa la Baba peke yake..."

"Najua!" Sauti ya Ephrasia ilipanda. "Lakini nimlaumu nani? Nimlaumu huyu anayelia kwa maumivu? Osmund aliona damu akakimbilia kwenu. Kilichobaki ni maneno ya wanaume."

Notburga alikunja kitenge chake taratibu. Alikuwa amepata jibu alilolitafuta, nalo lilikuwa zito kuliko alivyolidhania.

*

Alimkuta Kunigunda jikoni, akamweleza yote, akitazamia mama mkwe apige kelele. Kunigunda aliendelea kusonga ugali.

"Kumbe ulikuwa hujui?" alisema. "Mimi nimelala naye miaka yote hii, nisijue? Jicho la kulia lina utando kama maziwa. La kushoto linafuata. Chumvi anaitia nje ya bakuli. Ukipita mlangoni anakuita jina langu."

"Na hujamwambia, Mama?"

"Nimwambie ili afanye nini? Akae kama gunia la mahindi pale mlangoni?" Akaupiga mwiko ukingoni mwa chungu. "Sikiliza, mwanangu. Jumapili wazee watamwuliza, atasema mkono wa Kilian ulitetemeka, nao wataitikia, kwa sababu hakuna atakayethubutu kumwambia la macho. Kilian atapona. Mambo yatakwisha. Wewe weka ulimi wako ndani."

Notburga akaona kwamba mama mkwe wake alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Wangeshinda. Kilian angebeba aibu ya kutetemeka, juu ya jeraha lake. Na mwakani mtu mwingine angechelewa kurudia mishale yake.

Hakulazimika kuchagua. Jioni, alipokuwa anaweka bakuli la maji ya kunawa mbele ya baba mkwe, akiwa amepiga goti na uso ameuinamisha kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, Mzee Tarsisi akasema:

"Panya wa nyumba hii wanabingirisha mishale?"

Notburga akasogeza bakuli karibu naye.

"Macho yangu ni mabaya," alisema mzee. "Masikio yangu si mabaya. Ulikuwa unapima nini?"

"Kama imenyooka, Baba."

"Imenyooka?"

Notburga alisikia mwiko wa Kunigunda ukisimama jikoni.

"Haikunyooka, Baba."

Alitazamia kigoda kirushwe. Mzee Tarsisi alinawa mikono, kidole kimoja kimoja, akajifuta kwenye shuka lake. "Niletee hilo sanduku," alisema.

Walilikokota hadi mlangoni, yeye na Kunigunda, ambaye alikuwa analia bila sauti na kumkata kwa macho. Mzee akabingirisha mshale wa kwanza kwa kiganja chake mwenyewe, sikio amelitega. Ko, ko, ko. Akachukua mwingine, na mwingine. Kisha akaingiza mkono kwenye podo ya Osmund, akausukuma mmoja, ukaenda kimya.

"Huu ni wangu?"

"Ni wako, Baba. Lakini..."

Mzee akauinua puani. Akanusa. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Nguruwe," alisema. "Nani mwingine anajua?"

"Wote, Baba."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Kupotewa na macho aliweza kuvumilia. Pengine alikuwa amekwisha kuyajua zamani na kuyakataa. Lakini hili la kwamba kilima kizima kilikuwa kikimshukuru mchana na kumsahihisha jioni, hili lilimkunja mgongo. Akaomba fimbo yake. Kunigunda alipotaka kumshika mkono akamwondoa, akaenda peke yake hadi kwenye kibanda chake cha kazi, akapapasa mlango, akaingia, akaufunga.

Hakula chakula cha jioni ile, na mpaka Jumapili alishinda amejifungia humo.

*

Jumapili baada ya misa wanaume walikusanyika kwenye sengu. Wanawake walileta vyakula wakakaa kando, mahali wanapoweza kusikia bila kuonekana wanasikiliza. Kilian alikuwa ameletwa kwenye ile machela yake ya blanketi, akaegemezwa kwenye nguzo. Osmund alisimama aanze kusema.

"Kaa," alisema Mzee Tarsisi. "Nitaanza mimi."

Osmund akakaa.

"Mshale ulikuwa umepinda. Niliunyoosha mimi, na ulikuwa umepinda. Mkono wa Kilian haukutetemeka. Nilimsingizia mbele ya watu, nami namtaka radhi mbele ya watu."

Kilian akainamisha kichwa. Mzee mmoja akakohoa, akaanza, "Sasa, ndugu yetu, jambo hilo si kubwa kiasi..."

"Sijamaliza," alisema Mzee Tarsisi. Aligeuza uso wake huku na huku, akimtafuta kila mmoja kwa macho yasiyomwona. "Nina swali. Mimi macho yangu ni mabovu. Ninyi yenu ni mazima. Mliiona mishale imepinda. Mkachukua, mkasema asante Baba, mkaenda kuichoma kwa mafuta ya nguruwe. Mlinificha kwa nini?"

Osmund alikuwa anasugua viganja vyake.

"Tulikuheshimu, Baba," alisema.

Notburga, pale kando, alilisikia lile neno likirudi, "Baba", akashusha pumzi.

"Mliniheshimu," alisema mzee. "Heshima yenu ndiyo iliyomchana Kilian paja. Mngeniambia mwaka ule wa kwanza, ningelia siku mbili tatu, kisha ningetafuta njia. Mmenifanya nikawa mtoto anayepewa jembe la mti achezee pembeni wakati watu wanalima."

Baadaye watu walisimulia kwamba hapo ndipo Kilian alipocheka, kicheko kifupi cha mtu mwenye maumivu, akasema, "Baba, na mimi ningeinyoosha kabla ya palizi, nguruwe yule angekuwa kwenye chungu." Kikatoka kicheko kingine kwa huyu, na kwa yule, cha aibu.

Wakakata shauri. Ngolo za Kilian zingechimbwa na watu wote waliokuwa wakirudia mishale kimyakimya, pamoja na nyumba ya Tarsisi. Ilipoulizwa ni akina nani, mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko majembe yaliyohitajika.

"Na mishale yenu yote mnirudishie," alisema Mzee Tarsisi. "Hata ile mliyoiharibu kwa moto wa haraka."

*

Zile siku alizojifungia kibandani hakuwa amekaa bure. Notburga aligundua hilo Jumatatu, alipopeleka makaa akamkuta mzee amesimamisha mti wa mshale juu ya ukucha wa kidole gumba, anauzungusha kwa vidole vya mkono wa pili, kama watoto wanavyozungusha pia ya mti. Akasahau desturi, akasogea karibu.

"Unafanya nini, Baba?"

"Mti ulionyooka hulala usingizi juu ya ukucha. Uliopinda hutetemeka. Babu yangu alifanya hivi kukiwa na ukungu. Nilikuwa nimesahau, kwa kiburi cha macho." Akaushika mti, ukaacha kuzunguka. "Lakini ukucha haunionyeshi mahali ulipopindia. Kwa hilo nahitaji mtu."

Kunigunda alisema haijapata kuonekana mkamwana akae bega kwa bega na mkwewe, wakivuta moshi mmoja. Alisema hivyo wiki nzima, kisha akaanza kuwaletea viazi vya kuchoma hukohuko kibandani. Notburga alijifunza kupaka nyonyo kabla ya moto na si baada yake, kuupitisha mti juu ya makaa bila kuuacha usimame, kuukunja kidogo kupita unyoofu kwa sababu mti hurudi nyuma kidogo ukipoa. Na aliuliza. Kwa nini hurudi? Kwa nini miti ya kiangazi ni mitulivu kuliko ya masika? Mengine mzee aliyajua, mengine alisema, "Hilo sijawahi kulifikiri," wakalijaribu pamoja.

Kilian alipona, lakini mguu ulibaki mfupi kidogo, na kwenye miteremko mikali aliburuta kisigino. Hilo halikunyooshwa na mtu.

Siku moja, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa, Osmund alikuja kibandani amevua kofia, na mshale mkononi. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Baba, huu ulionipa juzi..." Akatazama ardhi, akatazama paa. Kisha akalisema lote kwa pumzi moja: "Huu umepinda tena, Baba. Hapa karibu na manyoya."

Mzee Tarsisi akaweka pembe chini. Uso wake ukachangamka polepole, kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya kukaa ugenini muda mrefu.

"Umepinda sana?" aliuliza.

"Sana, Baba."

"Basi kaa chini," alisema mzee, akinyoosha mkono kuupokea. "Notburga, chochea makaa."